Mshenga wa Ng'ombe: Maisha ya Dada Yetu, 1955–2024

Ndugu, jamaa, majirani, watumishi wa idara na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia inawashukuru. Mimi ni mdogo wake, yule fundi cherehani wa jirani na kituo cha maziwa. Wengi wenu nimewahi kuwapunguzia suruali, na wengine siku hizi nawaongezea.

Kwenye ratiba mliyonayo imeandikwa kwamba sehemu ya kazi ya marehemu itasomwa na binti aliyerithi kazi hiyo. Kiti chake kile pale, karibu na maua, na hakuna mtu. Nimewaona mnavyokitazama, na nimemsikia shangazi yetu akiguna. Nitafika hapo. Kwa sasa nitasoma yote mimi, na sauti yangu mtaivumilia.

Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu: usiwe mrefu, na yeye asifanywe malaika. La pili nitalitekeleza.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1955, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa mkabala na josho, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mhudumu wa josho na mama aliuza mboga sokoni. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe, kwa hiyo baba alifika akiwa amelowa dawa hadi kwenye viwiko, akambeba mtoto hivyo hivyo, na mkunga akamfokea mbele ya watu. Marehemu alipenda kujisifu kwamba harufu ya kwanza aliyoijua duniani ni dawa ya kupe, ndiyo maana kupe walimwogopa maisha yake yote. Mama alikuwa akimsikiliza, kisha anasema, "Walikuogopa wapi? Nani alikuwa anakutoa kupe masikioni kila jioni?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya wasichana hadi 1972. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha mifugo, akahitimu cheti mwaka 1975. Mwaka 1978 idara ilimpeleka kwenye mafunzo ya uhimilishaji, akiwa mwanamke pekee darasani. Kwa wale msiofuga, uhimilishaji ni kumpa ng'ombe mimba bila kumleta dume. Mbegu za dume bora huhifadhiwa kwenye mirija myembamba, ndani ya mtungi wa naitrojeni yenye baridi isiyo na mfano. Mtaalamu huvaa glovu ndefu hadi begani. Yanayofuata mtaniuliza baada ya mazishi, si hapa mbele ya wakwe.

Mkufunzi wake alimtazama siku ya mtihani wa vitendo akamwambia, "Dada, mkono wako mfupi. Hii si kazi ya kukanda unga." Akampa ng'ombe mrefu kuliko wote waliokuwepo. Marehemu hakubishana. Aliomba tofali, akasimama juu yake, akafaulu. Tofali hilo alirudi nalo nyumbani kwenye begi la nguo, na ndilo linalozuia mlango wa jikoni kwake hadi leo. Mkienda kunawa mikono mtaliona, lakini tafadhali msilisogeze, mlango ule hupigwa na upepo.

Aliajiriwa na idara ya kilimo na mifugo tarehe 1 Julai 1975. Miaka ya mwanzo aliwekwa kwenye meza ya dirishani, kazi yake kuandika idadi ya ng'ombe waliochanjwa na kuchemsha chai, kwa sababu mchemsha chai alikuwa amestaafu na yeye ndiye alikuwa mwanamke. Mwaka 1979 alipangiwa eneo letu hili kama mhimilishaji. Alikabidhiwa mtungi mmoja na baiskeli moja, na baadaye pikipiki. Watoto walipomwona anapita na mtungi umefungwa nyuma ya baiskeli walimkimbilia wakiimba, "Bwana harusi huyo! Bwana harusi amekuja!" Jina likamkaa. Mimi nilikuwa kijana najifunza cherehani, na wateja walikuwa wakiniuliza, "Bwana Harusi hajambo nyumbani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alikuwa anapiga kengele ya baiskeli na kuwapungia mkono.

Kuna kanuni moja ambayo mtu hawezi kumwelewa dada yetu bila kuijua: jioni kwa asubuhi, asubuhi kwa jioni. Ng'ombe akionekana na dalili za joto, yaani za kutaka dume, jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Ukipitisha hapo, joto limekwisha, na utasubiri kama wiki tatu lirudi tena. Nyumbani kwetu hata aliyekuwa hajui kusoma aliijua kanuni hiyo. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuieleza. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," alisema, "lakini kwa ng'ombe utakuta hakuna mwana kabisa."

Na methali moja alikuwa haipendi hata kidogo, ile ya kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Mtu akiitamka mbele yake alikatizwa palepale: "Hazai kwa sababu mwenyewe hakuja kuniita."

Mwanzoni hawakumwita. Miezi mingi alizunguka na mtungi wake na kurudi nao. Aliyemkataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mzee mmoja wa upande wa mtoni ambaye eneo zima lilimwita Mzee Hapana, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata ukimwuliza kama ameamka salama. Alisimama langoni kwake na fimbo.

"Mwanamke hapandishi ng'ombe," alisema.

"Mzee, na mimi sipandishi," marehemu alimjibu. "Mwenye kupandisha yumo humu mtungini. Mimi nimemsindikiza tu."

"Hapana."

Wakati huo mkewe alikuwa anafagia uani. Aliegemeza ufagio ukutani, akauliza kwa upole, "Baba watoto, ng'ombe ni wako. Na maziwa anauza nani?" Kabla Mzee Hapana hajatamka neno lake, lango lilikuwa limefunguliwa. Mwaka uliofuata alizaliwa mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, na alipokuja kuzaa na yeye, maziwa yake yalijaza ndoo iliyokuwa haijawahi kujaa pale. Mzee Hapana alikwenda kituo cha maziwa kila asubuhi kuhakikisha watu wanaiona. Akiulizwa kama ng'ombe huyo ni wa yule mwanamke, alijibu, "Hapana. Ni wa dume. Yule ni mshenga tu." Basi Bwana Harusi akawa Mshenga, na hilo ndilo jina ambalo wengi wenu mmemlilia nalo wiki hii.

Nimeahidi kutomfanya malaika. Miaka ile kulikuwa na dume mmoja ambaye mabinti zake walitoa maziwa mengi, na watu walimwita Bwana Mkubwa ingawa hakuna aliyemwona kwa macho. Kila mfugaji alimtaka huyo huyo, na marehemu aliwapa. Mwaka 1983 alimpandisha mtamba wa mama mmoja mjane kwa mbegu za Bwana Mkubwa bila kuuliza mtamba huyo alinunuliwa wapi. Ndama alizaliwa dhaifu, akafa. Ndipo ikajulikana kwamba mtamba alinunuliwa ng'ambo ya mto, na baba yake ni Bwana Mkubwa mwenyewe. Marehemu aliwaita wafugaji wote kwenye kituo cha maziwa, akasimama mbele yao akasema, "Nimemwoza binti kwa baba yake. Kosa ni langu, si la mama huyu wala la ng'ombe wake." Kisha akamhudumia mama yule mpaka akapata ndama mzima, na Bwana Mkubwa akapumzishwa kwa heshima zote.

Tangu hapo alishika koo za ng'ombe kichwani kuliko koo za watu. Alikuwa akipita njiani anakuonyesha: huyu na yule ni mtu na shangazi yake, wale wawili wana baba mmoja, wasikutanishwe. Alikuwa anaweza kukutana na mtu baada ya mwaka mzima akamsalimia, "Yule mjukuu wa Bwana Mkubwa hajambo?" Ng'ombe wakishakuwa hawajambo wote, ndipo anauliza watoto. Hata mimi alikuwa ananiuliza hivyo, na mimi sina hata mbuzi.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na dereva wa lori lililokuwa likileta naitrojeni kutoka makao makuu. Mtungi usipojazwa kwa wakati, vyote vilivyomo vinakufa, kwa hiyo dereva akichelewa alipokelewa kwa maneno makali. "Wewe ukilala njiani," alimwambia siku ya kwanza kukutana, "mimi nazika watoto ambao hawajatungwa mimba." Dereva alianza kuwahi. Baada ya muda akawa anafika hata siku zisizo zake, mtungi umejaa, na yeye anasema amekuja kuangalia kifuniko. Mama yetu ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, kifuniko hicho umekiangalia vya kutosha. Lete wazee."

Mkesha wa harusi, jua likizama, Mzee Hapana alikuja mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Binti yangu, sikuja kukuita," alisema. "Nimekuja kukuarifu tu. Ng'ombe wangu ameanza kulia na kuwapanda wenzake. Lakini kesho una shughuli yako. Hapana, usije."

"Ameanza lini?"

"Jioni hii."

"Basi asubuhi nitakuwa kwako."

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Wewe mtoto! Kesho si unaolewa?"

"Naolewa saa nne, mama. Ng'ombe ni saa moja."

Asubuhi ile ng'ombe alikata kamba akakimbilia mtoni, na bibi harusi akamkimbiza. Kwa msajili wa ndoa alifika saa sita kasoro, msajili ameshashika kufuli. Chini ya gauni alikuwa na mabuti. Viatu vyeupe alivisahau juu ya ukuta wa Mzee Hapana. Gauni lile nililishona mimi, pindo nililipiga kwa mkono, na lilikuwa limelowa tope pande zote. Mama mkwe wake alinusa akasema, "Bibi harusi wetu ananukia zizi." Baba mkwe akasema, "Nuka tu, mwanangu, tutakunywa maziwa." Na bwana harusi wa kweli alimgeukia msajili akasema, "Huyu amenifokea miaka miwili kwa kuchelewesha naitrojeni. Leo na mimi nimempata." Ndoa ikafungwa mashahidi wakicheka. Ndama aliyezaliwa kwa Mzee Hapana aliitwa Harusi. Picha iko ukurasa wa pili wa ratiba, na mabuti yanaonekana.

Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na miwili, nayo ilijaliwa watoto watatu. Shemeji yangu hakuwahi tena kuchelewesha naitrojeni. Yeye husema ni kwa sababu ya mapenzi, na marehemu alikuwa akisema ni kwa sababu ya woga.

Alistaafu tarehe 9 Aprili 2015 akiwa msimamizi wa uhimilishaji wa wilaya. Walimpa saa ya ukutani na hotuba nzuri, lakini hawakumpa mtu wa kumkabidhi mtungi. Nafasi ile ilibaki wazi. Idara ilitaka mtungi urudishwe makao makuu, yeye akaomba aendelee kwa kujitolea hadi apatikane mtu, na tangu siku hiyo hilo likawa ndilo neno lake moja: mtungi utabaki na nani? Kijana wa kwanza aliyeletwa alipigwa teke moja, akagundua kwamba anapenda uhasibu. Wa pili alikuwa hodari, lakini simu ya ng'ombe ikimkuta kwenye mpira alisema atafika kipindi cha pili kikiisha. Marehemu alimwambia arudi kwao akaangalie mpira kwa utulivu.

Mwaka 2021 alikuja binti wa diploma, mjukuu wa Mzee Hapana. Sisi nyumbani tulimwita Mrithi kwa utani, kabla hatujajua kama jina litamfaa. Marehemu alizunguka naye kila zizi, akamfundisha koo zote, akamwazima hata tofali. Mwaka jana idara ilimwajiri rasmi. Tukadhani sasa dada atalala usingizi.

Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua tangu mwaka 2019. Alitibiwa hospitali ya rufaa, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Desemba iliyopita alizidiwa, akaomba arudi nyumbani, na kitanda chake kikawekwa sebuleni mbele ya dirisha linalotazama zizi. Aliumwa bila kulalamika, isipokuwa kuhusu namna tunavyokamua.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei, saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa naye Mrithi alipoingia na chupa ya chai. Alimpa shikamoo, akavuta kiti.

"Ng'ombe wa mwalimu umeshammaliza?" marehemu aliuliza.

"Bado, bibi. Jana jioni mwalimu alinipigia. Nikasema leo nikae na wewe kwanza, hali yako sikuipenda. Na wageni nao wanakuja, wataonaje nisipokuwepo?"

"Mimi niko kwenye joto?"

"Hapana, bibi."

"Basi umefuata nini hapa?"

Binti aliondoka analia. Alipofika kwa mwalimu jua lilikuwa utosini, na ng'ombe hakutaka tena habari hizo. Mwalimu huyo amestaafu, naye hana ng'ombe mwingine. Baada ya Mrithi kuondoka nilimwambia dada kwamba amekuwa mkali mno, kwani si ng'ombe mmoja tu?

"Kwa mwalimu ni huyo mmoja tu," alinijibu. Nilipomtazama niliona kwamba hana hasira, ana hofu. "Mkono anao," alisema. "Kichwa anacho. Lakini anawaonea watu haya. Siku watu wamejaa, wote wanamtazama, ataweza kuwaacha akaenda kwa ng'ombe? Hilo sijaliona. Na sitakuwepo kuliona."

Baadaye akaongeza, "Ng'ombe hana kinyongo. Wiki tatu atarudi."

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 26 Mei 2024, mapema asubuhi, mume wake na binti yake mkubwa wakiwa kando yake. Alisikia ndama akilia nje, akauliza kama amenyonya. Aliambiwa amenyonya. Akafumba macho.

Ameacha mume, dereva mstaafu, watoto watatu, ambao ni muuguzi, fundi umeme na mwalimu wa chekechea, wajukuu saba, wadogo wanne, nikiwemo mimi, shangazi yetu, wakwe, mashemeji na mawifi, majirani wa pande zote mbili za mto, na ng'ombe wengi mno wenye undugu baina yao, ambao sasa itabidi tuwatambue wenyewe.

Hapo ndipo karatasi zenu zinapoishia. Linalofuata limetokea leo na halikuwahi kuchapwa.

Asubuhi hii, nyumba imejaa watu na viti vinapangwa, Mrithi alinijia mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi, na juu yake ovaroli.

"Babu, mwalimu alinipigia jana jioni," alisema. "Ng'ombe wake amerudi."

Nikahesabu, nikaona wiki tatu zimetimia. "Sasa unasemaje?" nikamwuliza.

"Jioni kwa asubuhi, babu."

"Leo? Watu watasema."

"Watasema." Alikuwa ameshageukia pikipiki, anafunga mtungi. "Mwalimu mwenyewe kaniambia niache, eti msiba ni msiba. Nimemwambia ashike kamba, nakuja. Sehemu yangu nisomee wewe."

Akapita katikati yenu nyote, mmesimama mnamtazama, akawasha pikipiki akaondoka. Shangazi, ulikuwa unauliza msiba unaachwaje. Unaachwa hivyo.

Nilikwenda kumwambia shemeji yangu, mume wa marehemu. Aliniuliza swali moja tu, ameondoka saa ngapi. Nikamwambia saa moja. Mzee huyu akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Basi mtungi umepata mtu."

Gauni alilovaa dada leo nimelishona mimi pia, na safari hii pindo limebaki safi. Ningetoa kila nilicho nacho kuliona lina tope.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Ng'ombe hajasubirishwa.